Dampo linatufungia mlango: tope la majitaka tulipeleke wapi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa bodi inayosimamia mtambo wa kusafisha majitaka wa mji wenye watu wapatao 100,000. Tope letu tunalikamua kwa mashine, kisha tunalipeleka dampo. Sasa dampo limetuandikia kwamba baada ya miaka miwili halitalipokea tena. Mezani kuna mapendekezo matatu. Muuzaji wa mitambo anataka tununue kikaushio na tanuri. Meneja wetu anataka tujenge matangi ya bayogesi. Wakulima wa jirani wanasema watalichukua lote bure, liwe mbolea. Mimi ni mhasibu, mambo ya maabara siyajui. Njia ipi ni nafuu, na ipi haitatuletea kesi ya uchafuzi miaka ishirini ijayo?

JIBU: Ndugu mjumbe, afadhali wewe ni mhasibu. Bodi nyingi huanzia kwenye picha za matangi yanayong'aa katika kabrasha la muuzaji, na hesabu huja baadaye, mkataba ukiwa umeshatiwa saini. Tope ndilo linalokula hadi nusu ya gharama za uendeshaji katika mitambo mingi, ingawa ujazo wake ukilinganisha na maji yanayopita mtamboni ni kama asilimia 1 tu. Kwa hiyo nivumilie kwa tarakimu, maana jibu lako limo humo.

Mtu mmoja huchangia gramu 40 hadi 60 hivi za yabisi kavu kwa siku, yaani kile kinachobaki maji yote yakishaondolewa. Natumia 60 ili tusijidanganye. Watu 100,000 wanakupa tani 6 kwa siku. Hizo si nyingi, lori moja la tani 10 linazibeba na nafasi inabaki. Shida ni kwamba tope halitoki kwenye matangi likiwa kavu. Likitolewa chini ya matangi ya kutuamishia huwa na yabisi asilimia 2 hivi, na kilichobaki ni maji. Tani zako 6 zinatoka mle zikiwa tani 300, na lori lile lingehitaji safari 30 kwa siku, zaidi ya 29 kati yake zikiwa za kubeba maji.

Sasa angalia linavyopungua. Likiachwa litulie na kushikamana hadi asilimia 5, zinabaki tani 120. Likikamuliwa hadi asilimia 20, zinabaki tani 30. Hadi 25, tani 24. Hadi 30, tani 20. Likikaushwa kwa moto hadi asilimia 90, zinabaki tani zisizofika 7. Ile hatua ya kwanza, ya kutoka 2 hadi 5, inategemea uzito wa tope lenyewe na pengine kemikali kidogo, na ndiyo iliyoondoa tani 180. Hatua ya mwisho, ya kutoka 20 hadi 90, inaondoa tani 23 tu na ndiyo ghali kuliko zote. Karibu kila senti utakayolipia tope, utakuwa unalipia maji: kuyasukuma, kuyapasha moto, kuyakamua, kuyapakia. Kwa hiyo kabla hujajadili tope liende wapi, uliza linatoka likiwa na maji kiasi gani.

Kwa hili huhitaji maabara. Nenda mtamboni, simama pale keki, yaani tope lililokwisha kukamuliwa, inapoangukia kutoka kwenye mashine, vaa glavu, chukua tonge ufinye. Keki ya asilimia 15 inapenya katikati ya vidole. Ya 22 au 25 inashika umbo na alama za vidole vyako zinabaki. Ikifika 30 inameguka. Kisha tazama maji yanayotoka upande wa pili. Yakiwa meusi, yabisi inatoroka na kurudi mwanzo wa mtambo, na mnaisafisha mara ya pili kwa umeme wenu. Keki ikiwa na utelezi kama imepakwa sabuni, mwendeshaji amezidisha polima, ile kemikali ya kugandisha chembe. Kiwango chake cha kawaida ni kilo 4 hadi 10 kwa tani ya yabisi kavu, na tofauti ya 4 na 10 kwa tani 6 kila siku, mwaka mzima, ni zaidi ya tani 13 za polima. Nimeona mtambo ukitafuta fedha za mashine mpya wakati ile ya zamani ilihitaji tu mtu wa kurekebisha kipimo kila zamu badala ya mara moja kwa mwezi. Jaribio lenyewe ni la vikombe: tope lile lile, vipimo vitano vya polima, unaangalia kipi kinaacha maji maangavu.

Nije kwa meneja wako, ambaye ana hoja. Ndani ya tangi lililofungwa, pasipo hewa, joto likishikiliwa kwenye nyuzi 35, bakteria hula sehemu ya tope inayooza. Katika tope bichi, hiyo ni kama robo tatu ya yabisi. Kwa siku 20 hivi karibu nusu yake hugeuka gesi. Kwa hiyo katika tani zako 6, tani 4.5 zinaweza kuoza, tani 2.25 zinatoweka, na wewe unabaki na tani 3.75. Keki ya asilimia 20 inashuka kutoka tani 30 hadi chini kidogo ya 19 kwa siku. Hiyo ndiyo faida kubwa ya matangi haya, ingawa watu hukodolea macho umeme.

Umeme nao upo. Kila kilo inayotoweka hutoa mita za ujazo 0.75 hadi 1.1 za gesi yenye methani asilimia 60 hadi 65. Tuseme mita 2,000 kwa siku, zenye nishati ya kama kWh 12,000. Injini nzuri itatoa umeme asilimia 35 ya hiyo, yaani kWh 4,200, na joto la injini litatosha kupasha tangi lenyewe. Mtambo wa ukubwa wenu unaosafisha kwa kupuliza hewa hutumia kWh 9,000 hadi 10,000 kwa siku. Unaokoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wako. Si haba, ila anayekuahidi kwamba mtauza umeme nje kwa tope la watu 100,000 peke yake, mwombe akuonyeshe hesabu.

Ukubwa wa tangi pia unarudi kwenye maji. Tope la asilimia 5 ni mita za ujazo 120 kwa siku, na siku 20 zinataka tangi la mita 2,400. Mkiingiza tope la asilimia 2 mtahitaji mita 6,000, na mtakuwa mnapasha moto maji yale yale mliyoshindwa kuyaondoa.

Mambo mawili meneja huenda hajayataja. La kwanza ni uvujaji. Methani, kwa uzito, hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kabonidioksidi katika kipindi cha miaka 100. Gesi yako ina kama kilo 840 za methani kwa siku. Ikivuja asilimia 5 tu, hiyo ni sawa na tani 1.2 za kabonidioksidi. Kama gridi yenu ya umeme hutoa gramu 300 kwa kila kWh, ule umeme wa kWh 4,200 unaepusha tani 1.26. Yaani uvujaji wa asilimia 5 unafuta karibu faida yote ya umeme huo kwa hali ya hewa. Na uvujaji hauonekani: valvu ya kupunguza shinikizo isiyokaa vizuri, mwenge wa kuchomea gesi ya ziada uliozimika usiku, na hasa tangi la wazi ambamo tope lililooza hukaa kabla ya kukamuliwa huku likiendelea kutoa gesi. Lifunikeni tangi hilo tangu kwenye michoro, maana kulifunika baadaye ni gharama mara mbili.

La pili ni maji ya kukamua. Tope likishaoza, naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani yake hutoka ikiwa amonia. Maji yanayokamuliwa huwa na miligramu 500 hadi 1,500 kwa lita, na mnayarudisha mwanzo wa mtambo. Ujazo wake ni kama asilimia 1 ya maji yote, lakini yanabeba asilimia 15 hadi 20 ya mzigo wa naitrojeni. Kama mashine ya kukamua inafanya kazi mchana tu, mzigo huo unaingia saa zile zile ambazo mji wote unatumia maji. Dawa rahisi ni tangi la kuyahifadhi na kuyaachilia usiku kidogo kidogo. Dawa ya kisasa ni bakteria wanaogeuza amonia kuwa gesi ya naitrojeni kwa hewa kidogo sana. Mtambo wa kwanza mkubwa wa aina hiyo ulianza kazi mwaka 2002 Dokhaven, Rotterdam. Kwa ukubwa wenu tangi la usiku linatosha kuanzia. Humo humo kwenye maji ya kukamua hujitengeneza struvaiti, fuwele ngumu za magnesiamu, amonia na fosfeti, ambazo huganda ndani ya mabomba. Niliwahi kushika kipande cha bomba la inchi 6 ambalo tundu lake lilikuwa limebaki la kupitisha dole gumba.

Kikaushio sasa. Tuseme mmeshajenga matangi ya bayogesi na mna keki ya asilimia 20, tani 18.75 kwa siku. Kuifikisha asilimia 90 ni kubaki na tani 4.2 na kuvukiza tani 14.6 za maji. Kikaushio hutumia kWh 800 hadi 1,000 za joto kwa kila tani ya maji. Tukichukua 900, unahitaji kWh 13,000 kwa siku. Rudi juu: gesi yenu yote ina 12,000. Mngechoma gesi yote, msipate hata kWh moja ya umeme, na bado mkanunua mafuta. Lakini mkikamua hadi asilimia 30 kwanza, maji ya kuvukiza yanashuka hadi tani 8.3 na joto hadi kWh 7,500. Asilimia 10 za ziada kwenye mashine ya kukamua zimepunguza karibu nusu ya mafuta ya kikaushio. Muuzaji wenu ametumia asilimia ngapi kwenye hesabu zake? Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza, na jibu lake liingie kwenye mkataba kama sharti.

Sisemi kikaushio ni kibaya. Milwaukee, Marekani, wamekuwa wakikausha tope na kuliuza kwa magunia kama mbolea tangu mwaka 1926. Nchi yenye jua la kutosha na ardhi isiyo ghali inaweza kutumia vitanda vya mchanga au mabanda ya vioo na kupata asilimia 60 au zaidi bila mafuta. Hayo ni mambo ya mahali. Ila mkumbuke vumbi la tope kavu linawaka. Kikaushio kina historia ya moto na milipuko, na bima yake inapaswa kuwemo kwenye hesabu yako.

Tanuri lina mvuto wake, kwa sababu unabaki na jivu. Vimelea vinakufa, harufu inakwisha, na tani zako 3.75 zinakuwa tani 1.5 hivi za madini. Kitu ambacho bodi nyingi hushtuka kukisikia ni kwamba bayogesi na tanuri vinagombea chakula kimoja. Tope bichi lina nishati ya megajuli 17 hivi kwa kilo ya yabisi kavu. Likishaozeshwa hushuka hadi kama 11 au 12. Na ili liwake lenyewe bila kuongezewa mafuta, linatakiwa kufika angalau yabisi asilimia 30 au zaidi. Mkitaka vyote viwili, hesabu ifanywe kwa pamoja. Kabrasha moja la bayogesi na jingine la tanuri, kila moja likijipongeza, halitakusaidia.

Hewani nako kuna kazi. Zebaki haiungui, huruka na moshi, na inahitaji kichujio cha kaboni. Tanuri linaloendeshwa kwa nyuzi 800 hutoa naitrasi oksidi nyingi kuliko likipandishwa juu ya 850, na gesi hiyo hupasha dunia joto mara 273 kuliko kabonidioksidi. Mitambo ya kusafisha moshi ndiyo inayofanya tanuri dogo liwe ghali, kwa kuwa bei yake haipungui sana hata tope likiwa kidogo. Kwa watu 100,000 nisingejenga tanuri peke yangu. Ningetafuta miji mingine mitatu minne tushirikiane, au ningepeleka tope lililokauka kwenye tanuri la saruji, ambako joto lake linatumika na jivu linaingia kwenye saruji yenyewe.

Saruji nayo inameza fosforasi. Mimea haiishi bila madini hayo, nayo huchimbwa katika nchi chache. Jivu la tope lililochomwa peke yake huwa na fosforasi asilimia 5 hadi 10, karibu na mwamba wenyewe unaochimbwa. Ujerumani, kwa kanuni ya mwaka 2017, imeamuru mitambo inayohudumia zaidi ya watu 100,000 ianze kuirejesha ifikapo 2029, na inayozidi 50,000 ifikapo 2032. Uswisi ilipiga marufuku tope mashambani kuanzia mwaka 2003, kwa kipindi cha mpito. Huna haja ya kufuata sheria za Wajerumani, ila ukisaini mkataba wa miaka 25 wa kutupa fosforasi yote, zingatia upepo unakovuma.

Nimewaacha wakulima mwisho kwa sababu ndio wenye mazungumzo marefu, na kwa kuwa neno "bure" lina mitego yake.

Tope ni mbolea kweli. Yabisi kavu ina naitrojeni asilimia 3 hadi 6 na fosforasi 1 hadi 3, pamoja na mata ya viumbe inayofaa udongo uliochoka. Potasiamu ni kidogo, huondoka na maji. Lakini naitrojeni yake haitoki yote kwa mara moja: mwaka wa kwanza mmea hupata robo au theluthi hivi. Chukua zao linalotaka kilo 100 za naitrojeni kwa hekta. Kwa tope lenye naitrojeni asilimia 5, na asilimia 30 ikipatikana mwaka wa kwanza, mkulima ataweka tani 6.7 za yabisi kavu, yaani zaidi ya tani 33 za keki. Ndani ya hiyo, fosforasi ikiwa asilimia 2.5, kuna kilo 167 za fosforasi, wakati mazao mengi huondoa kilo 15 hadi 40 tu kwa mwaka. Ziada inabaki. Mwaka wa pili anarudia, wa tatu anarudia, na mvua kubwa inapokuja udongo wa juu unashuka mtoni na ziwa linageuka kijani. Ndiyo maana kipimo cha shamba kinapaswa kufuata fosforasi, na hapo unagundua kwamba unahitaji hekta mara nne hadi kumi ya zile ulizodhani. Wakulima wanaosema "tutachukua lote" wana hekta ngapi, na ziko umbali gani? Anayelipa dizeli ya lori ni nani? Kwa uzoefu wangu ni ninyi.

Vimelea vina dawa zinazojulikana, lakini matangi ya bayogesi ya nyuzi 35 peke yake hayatoshi. Yanapunguza bakteria sana. Mayai ya minyoo, hasa askarisi, hupita salama. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinagawa tope madaraja mawili. Daraja la juu linakubalika popote, baada ya, kwa mfano, kutengenezwa mboji kwa nyuzi 55 kwa siku 3 katika rundo linalopulizwa hewa, au siku 15 katika matuta yanayogeuzwa mara 5. Daraja la chini lina masharti ya kungoja: mazao yanayoliwa ambayo sehemu yake hugusa udongo yasivunwe kabla ya miezi 14, na yale ya chini ya ardhi miezi 20 au 38 kutegemea tope lilivyowekwa. Mkulima mwenye njaa ya mavuno hangoji miezi 38. Nafaka ya mifugo, miti na nyasi za mbegu ndiyo mashamba ya kuanzia. Chokaa nayo inaua, ikipandisha pH hadi 12, lakini inaongeza uzito wa keki na kutoa amonia itakayoamsha mtaa mzima. Washington, kwenye mtambo wa Blue Plains, tangu mwaka 2015 tope hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo kabla ya kuingia tangini. Linatoka salama, gesi inaongezeka, na linakamulika vizuri zaidi. Ni teknolojia nzuri kwa mtambo mkubwa, nanyi si mtambo mkubwa.

Metali nzito ndizo zilizowatisha watu miaka ya 1970 na 1980. Agizo la Ulaya la mwaka 1986 linaruhusu kadimiamu miligramu 20 hadi 40 kwa kilo ya tope kavu, risasi 750 hadi 1,200, zebaki 16 hadi 25. Marekani walikuwa wapole zaidi, kadimiamu hadi 85. Metali haziozi, na hakuna tangi wala tanuri linaloziondoa duniani. Zinahama tu: kutoka majini kwenda kwenye tope, kutoka kwenye tope kwenda shambani au kwenye jivu. Pa kuzizuia ni kule juu, kwenye karakana za kupaka chuma nikeli na kromu, viwanda vya betri, viwanda vya ngozi. Mkaguzi mmoja mwenye chupa ya sampuli anayepita viwandani bila taarifa ni rahisi kuliko mashine yoyote iliyomo kwenye kabrasha la muuzaji wenu. Zinki na shaba hutoka pia kwenye mabomba ya majumbani, hizo mtazivumilia.

Siku hizi hofu imehamia kwenye kundi la kemikali za florini ziitwazo PFAS, ambazo zimo kwenye vitambaa visivyopitisha maji, povu la kuzimia moto na vifungashio. Haziozi tangini, mboji haiziharibu, na kutoka shambani hufika visimani na kwenye maziwa ya ng'ombe. Jimbo la Maine, Marekani, lilikuta mashamba yaliyochafuliwa hivyo, na mwaka 2022 likapiga marufuku tope kuwekwa ardhini. Kilichofuata ni funzo kwa mhasibu. Tope lote lilikimbilia dampo, na dampo haliwezi kupokea tope bila kulichanganya na taka kavu za kutosha, vinginevyo rundo linalegea na kuteleza. Mwaka 2023 dampo lililokuwa tegemeo likapunguza kiasi linachopokea, na sehemu ya tope ikapakiwa kwenye malori hadi Kanada kwa gharama kubwa zaidi. Nadhani hata barua mliyoandikiwa ninyi ina sababu kama hiyo ya uthabiti wa rundo, ulizeni. Kama ndiyo, dampo hilo hilo huenda likakubali keki ya asilimia 30 hata kama limekataa ya 18. Hilo lingewapa muda.

Bahari nimeiruka makusudi. New York walikuwa wakimwaga huko hadi mwaka 1992, Ulaya iliufunga mlango mwishoni mwa 1998, na sitaki bodi yako iufungue tena.

Basi ningekuwa mimi, ndani ya miaka hii miwili ningefanya hivi. Miezi mitatu ya kwanza ningepima tope kila wiki: yabisi, sehemu inayooza, metali, fosforasi, na PFAS angalau mara mbili. Sambamba na hayo ningewekeza kwenye kulifanya tope lishikamane na kukamulika, kwa kuwa fedha hiyo haipotei hata njia ya mwisho ikibadilika. Kisha matangi ya bayogesi, yaliyofunikwa vizuri, kama vipimo vya tope linalooza vinalingana na hesabu niliyokupa. Wakulima ningewapokea kwa sehemu ya tope tu, vipimo vikiwa safi, kwa mkataba unaotaja hekta, kipimo cha fosforasi na nani anatunza kumbukumbu za kila shamba. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazokuokoa kwenye ile kesi ya miaka ishirini ijayo. Sehemu iliyobaki ningeipeleka kwenye saruji au dampo hadi tanuri la ushirika lipatikane. Kikaushio ningekiweka kiporo.

Na kitu kimoja ambacho hakimo katika kabrasha lolote kati ya yale matatu: ghala. Mashamba hayapokei tope mwaka mzima; kuna msimu wa mvua ambapo lori linazama na sheria inakataza. Tani 19 kwa siku kwa miezi sita ni kama tani 3,400. Mkizirundika kimo cha mita 2, mnahitaji karibu mita za mraba 1,700 za sakafu ya zege, yenye paa, na yenye mfereji wa kurudisha maji yake machafu mwanzo wa mtambo. Ulizeni leo kama kiwanja hicho kipo ndani ya uzio wenu.